Vipimo vya ardhi, maji na hewa ni haki ya wanaokaa hapo

Mazungumzo na viongozi wa wahamishwa, wakubwa wa mitaa na familia za mapokezi, Kivu ya Kaskazini

Tunajua kwamba kwa wengi siku bila kazi ni siku bila chakula, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Mlituomba tuzungumze juu ya mazingira na amani. Wengine mlishangaa: mazingira yanaingilia wapi katika amani? Tumezoea kufikiri kwamba mazingira ni kupanda miti na kuokota mifuko ya plastiki. Leo hatutazungumza juu ya miti. Tutazungumza juu ya vipimo: nani anapima hewa tunayovuta, maji tunayokunywa na mlima tunaoutazama kila usiku, na majibu ya vipimo hivyo yanamfikia nani.

Kuna swali ambalo sisi wa kazi ya vijijini na kambini tumelisikia mara nyingi, mwaka 2012, tena 2022 na 2023, watu walipokuwa wanafika Goma kutoka Rutshuru, Masisi na Kibumba na mizigo kichwani. Waliuliza: «Kwa nini tunapelekwa kukaa mahali ambapo wenyeji wenyewe hawajengi?» Jibu fupi ni kwamba pale palikuwa wazi. Jibu refu ni kwamba mara nyingi pale palikuwa wazi kwa sababu mwenyeji anajua kitu ambacho mgeni hakuambiwa. Tukisema haki ya mazingira, tunasema juu ya hilo. Hatari haigawanywi sawa, na habari ya hatari haigawanywi sawa pia. Asiye na kiwanja anapewa shimo, na hapewi habari ya shimo.

Tuchukue mazuku. Mtu wa Goma anajua jina hili tangu utoto, ni ule upepo mbaya unaoua usiku. Lakini aliyetoka milimani Masisi hajawahi kulisikia. Mazuku ni gesi inayoitwa kaboni dioksidi. Inatoka chini ya ardhi ya volkano, kwenye nyufa za mawe, hasa upande wa magharibi wa mji, kandokando ya ziwa, kuanzia Himbi na Keshero mpaka Bulengo, Mugunga na kuelekea Sake. Haina rangi, na mara nyingi haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajaa ndani ya mabonde na mashimo kama maji yanavyojaa ndani ya beseni. Hewa ya kawaida ina gesi hiyo kidogo sana, chini ya sehemu 1 katika 1,000. Ikifika sehemu 10 katika 100, mtu anapoteza fahamu kwa dakika chache tu, na ndani ya mashimo mengine ya mazuku imepimwa mara kadhaa zaidi ya hapo.

Saa mbaya ni usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo na jua halijapasha ardhi. Mchana upepo unaitawanya, na mtu anayepita saa sita anaona mahali pazuri, pametulia, penye majani. Anayekufa kwanza ni aliye karibu na ardhi: mtoto, aliyelala juu ya mkeka, mbuzi, kuku. Mtu mzima anasimama pale hajisikii kitu, anainama kumwinua mtoto, naye anaanguka. Kwa hiyo mkiona mtu ameanguka shimoni, msiruke ndani mmoja baada ya mwingine. Iteni watu, mvuteni kwa kamba au kwa mti mrefu, mkibaki juu. Na mkiona ndege, mijusi au panya wamekufa bila sababu katika bonde, pale si mahali pa kulala wala pa kutuma mtoto kuokota kuni. Wengine wanasema mtu ashuke na mshumaa, ukizimika basi arudi. Msifuate shauri hilo. Mshumaa ukizimika, mwenye kuubeba amekwisha kuvuta hewa hiyo.

Sasa tufike kwenye amani. Mtu anapokufa usiku bila kidonda na bila homa, watu wanatafuta mwenye kosa. Mhamishwa anasema wenyeji wamemtilia sumu ili aondoke kwenye ardhi yao. Mwenyeji anasema wageni wamekuja na uchawi wao. Maneno hayo yanapita haraka kuliko gari la wagonjwa, na mahali ambapo watu wamekwisha kutengana kwa kabila na kwa vita, maneno kama hayo yanatosha kuleta mapanga. Sisi tunaofanya kazi ya upatanisho tumekaa katika mabaraza ambamo pande mbili zilizungumza juu ya sumu siku nzima, na hakuna aliyetaja shimo lililokuwa mita chache nyuma ya nyumba. Ramani ya mazuku iliyobandikwa penye maji ingefanya kazi ya mabaraza matano.

Na ramani zipo. Wachunguzi wa OVG, ile ofisi ya Goma inayochunguza volkano, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya hapa na vya ng'ambo, wamepima mashimo mengi kwa miaka na miaka. Kambini kwingine mashimo yaliwekewa alama na uzio, na hiyo ilikuwa kazi nzuri. (Ingawa alama ya mbao, mahali ambapo watu hawana kuni, haimalizi mwezi. Aliyechagua mbao alikuwa hajapika kambini.) Kinachobaki ni kwamba sehemu kubwa ya ujuzi huo imeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, kwa lugha ya wataalamu, na imelala ndani ya kompyuta. Halafu mwezi wa Februari 2025 kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa. Watu wakatawanyika, wengine wakarudi vijijini, wengine wakaingia kwa familia za mapokezi, nyuma ya nyumba, mahali palipobaki. Tunaomba kila mkubwa wa avenyu aliye hapa ajiulize: yule aliyejengewa kibanda nyuma ya nyumba ya ndugu yake, ni nani aliyemwonyesha bonde la kuogopa?

Tuje kwenye mlima. Nyiragongo ilitapika moto mwaka 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, ambapo moto ulipita katikati ya Goma mpaka ziwani, na mara ya tatu tarehe 22 Mei 2021, siku ya Posho, jioni. Mwaka 2021 watu zaidi ya 30 walikufa, maelfu ya nyumba ziliungua, na moto ukasimama karibu na Buhene, pembeni mwa mji.

Baada ya pale kila mtu alisema lake. Wengi walisema: «Walijua wakatuficha.» Tunataka kulijibu neno hilo polepole, kwa sababu lina ukweli nusu, na ukweli nusu unagombanisha watu kuliko uongo. Ni kweli kwamba msaada wa Benki ya Dunia kwa kazi ya kuchunguza volkano uliisha mwaka 2020 bila kuendelezwa, na kwa miezi kadhaa OVG ilikosa hata pesa za intaneti ya kupokea vipimo kutoka kwenye vyombo vyake mlimani. Mji wa watu wengi namna hii, chini ya mlima kama ule, ulikuwa kama mtu anayelala na mlango wazi. Hilo ni jambo la kulalamikia, na waliolalamika walikuwa na haki. Lakini wachunguzi walipotazama tena vipimo vyote, na kutoa matokeo yao mwaka 2022, walionyesha kwamba safari hii mlima haukutoa dalili zilizo wazi siku nyingi mbele. Hata kama vyombo vyote vingefanya kazi, onyo lingekuja chini ya saa moja kabla ya moto kutoka. Hakukuwa na siri ya wiki nzima iliyofichwa mezani.

Wengine wakisikia hivyo wanasema, basi vipimo vina faida gani? Sisi tunaona kinyume. Kama onyo linaweza kuwa la nusu saa tu, basi habari zote zinazobaki zinapaswa kuwa mikononi mwa watu mapema. Moto wa 1977, wa 2002 na wa 2021 ulishuka upande huu wa kusini, na njia zake zimechorwa. Mwanamke anayekaa Kanyaruchinya au Munigi anapaswa kujua leo, wakati mlima umetulia, kwamba nyumba yake iko juu ya njia hiyo au kando yake, barabara gani inakatika kwanza, na watoto wakiwa shuleni wanapelekwa wapi. Mawe meusi mnayoshindwa kuchimba vyoo ndani yake yalikuwa moto. Mahali pa kupokea wahamishwa panachaguliwa juu ya mawe hayo bila mhamishwa mmoja kuitwa kutazama ramani.

Tukumbuke pia tarehe 27 Mei 2021. Siku tano baada ya moto, ardhi ilikuwa inatetemeka usiku na mchana, nyufa zikafunguka katikati ya mji, na serikali ikaogopa kwamba moto uko chini ya mji na chini ya ziwa. Asubuhi mapema ikatolewa amri ya kuondoka katika mitaa 10 kati ya 18 ya Goma. Watu karibu 400,000 waliondoka, kuelekea Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu kwa mashua, na Rwanda. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao njiani. Hatuwezi kuilaumu amri yenyewe, maana aliyeitoa alikuwa na mzigo mzito na saa chache. Lakini itazameni kwa macho ya mtu aliyefika mjini juma lililopita. Amri ilitaja majina ya mitaa. Asiyejua jina la mtaa anamokaa angejuaje kwamba anaitwa? Ilisemwa redioni, asiye na redio wala moto ndani ya simu akaona majirani wanakimbia, naye akakimbia bila kujua anakimbilia wapi. Ndiyo sababu tunawaambia wakubwa wa mitaa: mpokeeni mhamishwa kwa kumwambia mambo matatu siku ile ile anapofika, jina la mtaa, mahali pa kukutana, na njia ya kutokea. Haigharimu hata franka.

Juu ya maji tutasema kidogo tu, ingawa ndiyo yanayoleta ugomvi kila asubuhi kwenye robine. Wanaokunywa maji ya mvua karibu na volkano wajue kwamba moshi wa mlima unatia asidi na kitu kinachoitwa floridi ndani ya mvua. Chemchemi nyingine za huku zinayo pia. Kidogo hakidhuru, kiasi cha mwisho ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali ni miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi kwa miaka, meno ya watoto yanageuka kuwa na madoa ya kahawia, na kikizidi sana mifupa inaumia. Kuchemsha hakukiondoi. Kwa hiyo watu wakitaka kutengeneza chemchemi kwenu, ombeni kujua floridi ni ngapi kabla ya saruji kuletwa. Na wale wanaochota ziwani, kwenye vituo vya kutia klorini: kuna kipimo kidogo cha mkononi ambamo kidonge kinatiwa ndani ya maji na maji yanageuka rangi ya waridi. Baada ya nusu saa klorini inayobaki isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita, na wakati wa kolera isiwe chini ya 0.5. Yeyote kati yenu anaweza kuitazama rangi hiyo. Ombeni kuonyeshwa, na jibu liandikwe kwa chaki pale kituoni kila siku, ili watu waache kusema kwamba klorini ni dawa ya kuzuia uzazi.

Ziwa lenyewe lina gesi nyingi chini sana, na wengi mnauliza kama litatuua kama lile ziwa Nyos la Kameruni, ambapo watu kama 1,700 walikufa mwaka 1986. Gesi ya Kivu imezuiliwa na uzito wa maji, katika vilindi, nayo inapimwa. Upande wa Rwanda inachimbwa kwa kutoa umeme. Kwa upande wetu, wakati wowote kampuni ikija kuchimba, ninyi wa kando ya ziwa mna haki ya kuuliza vipimo kabla, si baada.

Haki hiyo tunaitoa wapi? Haikutoka kwa shirika letu, wala kwa wazungu. Katiba ya nchi ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari, na katika kifungu cha 53 kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inaendelea mbele: kifungu cha 8 kinampa kila mtu haki ya kupata habari zilizopo juu ya mazingira, pamoja na zile za vitu na kazi za hatari na namna ya kujikinga. Kifungu cha 9 kinampa haki ya kushiriki katika maamuzi juu ya mazingira. Mwone neno hilo: kila mtu. Halisemi mwenye hati ya kiwanja, wala mzaliwa wa hapa. Mhamishwa yumo.

Lakini sheria haitembei yenyewe. Inafaa barua. Tumeona kwamba barua ya mhamishwa peke yake inabaki mlangoni, na barua ya mwenyeji peke yake inaitwa siasa. Barua iliyotiwa sahihi na komite ya wahamishwa pamoja na mkubwa wa mtaa na mama mmoja au wawili wa familia za mapokezi inapokelewa vizuri zaidi. Isiwe ndefu. Iseme ni kitu gani mnaomba: vipimo vya mazuku katika mtaa wetu, ramani ya njia za moto, majibu ya maji ya chemchemi fulani. Iombe jibu kwa Kiswahili. Bakieni na kopi yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Wiki tatu zikipita bila jibu, rudini na kopi ile mkononi, kwa upole, na mwandike tarehe ya kurudi. Ofisi nyingi hazikatai kwa ubaya. Zinakosa karatasi, mafuta, mtu wa kutafsiri. Mkijitolea kutafsiri, mmefungua mlango nusu.

Na msingoje wengine wapime kila kitu. Huko Kalehe, Kivu ya Kusini, tarehe 4 Mei 2023, mito ilishuka na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mvua kubwa ilinyesha juu milimani, na waliokuwa sokoni chini hawakupata onyo. Chupa ya plastiki iliyokatwa, yenye mistari ya sentimeta, ikiwekwa juu mlimani mahali pa wazi, ni kipimo cha mvua. Mtu mmoja juu mwenye simu, mtu mmoja chini mwenye filimbi au kengele ya kanisa, ni kituo cha onyo. Vivyo hivyo anzeni daftari ya mtaa: tarehe, saa, mahali, kilichoonekana. Mbuzi amekufa bondeni, ufa umepanuka, maji yamebadilika ladha. Daftari kama hiyo ikipelekwa OVG au kwenye eneo la afya ina thamani, maana wao hawawezi kuwa kila mahali.

Neno moja la tahadhari. Katika daftari hiyo msiandike majina ya watu, wala simu zao, wala walikotoka, wala nani mnamshuku. Katika nchi yenye silaha nyingi namna hii, orodha ya majina inaweza kufika mikononi ambamo hamkutaka ifike. Andikeni mahali na jambo, basi.

Tumeleta mfano wa barua kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kopi kwa kila mtaa, na mchoro wa namna ya kukata chupa ya mvua. Wanaojua kusoma wawasaidie wengine kabla ya kutoka hapa. Mama aliyeinua mkono kule nyuma tulipotaja floridi, aanze yeye na swali lake.